Gregori na Jedwali la Ukutani

Jumamosi moja asubuhi, jumuiya ilikutana nyumbani kwa mama mmoja pale Mkata. Wakafika kwenye maombi ya kila mtu. Mmoja akaombea mgonjwa, mwingine mvua, mwingine mtoto aliyeko safarini. Zamu ya Gregori ilipofika akakohoa kidogo, akasema, "Tuwaombee watu waliotengeneza jedwali la elementi na kuliweka mtandaoni bure. Majina yao siyajui. Mungu anawajua." Watu walifumbua macho wakatazamana. Mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa adabu zake, akaitikia, "Ee Bwana," na wengine wakamfuata, "Twakuomba utusikie," ingawa nusu yao walidhani jedwali ni aina ya dawa.

Usimcheke upesi. Ukijua yaliyomkuta wiki ile, hata wewe ungewaombea watu hao, na pengine ungewachinjia kuku.

Gregori ni mchora mabango. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama na akina mama wakakimbilia madirishani na mahindi ya kuchemsha. Ukipita Mkata ukaona bango ambalo herufi zake hazikulala upande mmoja kama mlevi, ujue limepita mkononi mwake. Ni mtu mwembamba, ana miaka hamsini na kitu, shati lake lina rangi zote isipokuwa ile liliyonunuliwa nayo dukani.

Ana kanuni moja ambayo watu wa Mkata wameizoea na hawaachi kumtania nayo: hachori kitu asichokijua. Akipewa kazi ya kuchora kibanda cha chipsi, kwanza anakula chipsi za pale. Alipochora saluni ya kike, alikaa akasukwa mistari miwili, akatembea nayo siku nzima, mkewe Fausta akakataa kuongozana naye sokoni. Alipochora bango la fundi majeneza, alijilaza ndani ya jeneza dakika mbili, akatoka, akajipangusa vumbi, akasema, "Haya, sasa naweza." Bango lile lipo mpaka leo, na fundi anasema limemletea wateja, japo wateja wenyewe hawajamshukuru.

Alizaliwa Mazinde, kwenye nyumba za kambi ya mkonge. Babu yake alitoka Kigoma akiwa kijana, akasema atakata mkonge miaka miwili arudi kwao, akazikwa hapo hapo. Baba yake alikuwa mpiga chapa wa marobota. Alikuwa na kopo la rangi nyeusi na brashi, na kila robota la mkonge lilipata namba yake kabla ya kupakiwa. Gregori alizijua tarakimu kwenye marobota kabla hajazijua darasani, na mkono wake wa kuandika aliupatia pale.

Sekondari alianza huko Korogwe, akaishia kidato cha pili. Yeye mwenyewe haisimulii sana habari hii, lakini ni fupi. Mwalimu wa kemia alimsimamisha mbele ya darasa ataje elementi ishirini za kwanza kwa mpangilio. Alianza vizuri, akafika ya nane, akakwama. Darasa zima likacheka. Mwalimu akamwambia atoke nje, arudi atakapozikumbuka. Gregori akatoka. Hakurudi tena. Wiki iliyofuata alikuwa juu ya lori na kopo la rangi, na maisha yakaendelea mbele.

Sasa, Gregori na Fausta wana kitinda mimba wao, Angel. Alipokuwa darasa la nne aliugua malaria, akapelekwa zahanati, na yule mtaalamu wa maabara, mwanamke mpole, akamruhusu achungulie kwenye hadubini aone damu yake mwenyewe. Tangu siku ile Angel akawa anasema atafanya kazi ya maabara. Alisema hivyo akiwa darasa la tano, la sita, la saba, akasema hivyo akiingia sekondari ya kata iliyo nje kidogo ya Mkata. Gregori alikuwa akimsikia akisema hivyo mbele ya wageni, naye anajifanya anatafuta kitu chini, kumbe anaficha furaha.

Jumapili jioni, mwanzoni mwa kidato cha tatu, Angel alimletea baba yake karatasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nini hiki?"

"Fomu ya mchepuo. Unasaini hapa chini, palipoandikwa mzazi. Mwisho Ijumaa."

Gregori akaisoma. Palikuwa na visanduku viwili, Sayansi na Sanaa, na alama ya vema ilikuwa kwenye Sanaa. Akaisoma mara ya pili, labda macho yake yamekosea.

"Na maabara je?"

"Maabara si yangu, baba." Angel alisema akitazama mlangoni. "Kemia nimepata kumi na nne kwa mia. Ile piriodiki tebo haiingii kichwani. Nikiisoma leo, kesho imetoka. Nimechoka kuwa wa mwisho."

Baba mwingine angefoka. Mwingine angemwambia asikate tamaa, penye nia pana njia, na maneno mengine ya kubandika ukutani. Gregori alifungua mdomo kusema hivyo hivyo, akaufunga. Yeye aliyeambiwa atoke akatoka, akaenda moja kwa moja, angemwambia mtoto arudi darasani kwa mdomo upi? Akaikunja ile fomu, akaitia mfuko wa shati.

"Niachie mpaka Ijumaa," akasema.

Kesho yake, asubuhi, alikuja kibandani binti mmoja amevaa miwani, vumbi la barabara limemjaa miguuni. Akaamkia vizuri. Alikuwa ni Madam Joyceline, mwalimu wa kemia wa shule ile ile, mzaliwa wa Mnyuzi, mwaka wa pili tu kazini. Alikuja na shida yake. Shule ilikuwa na chati moja ya elementi, mchwa wameila kuanzia upande wa kushoto. Kwenye mtandao yamejaa majedwali mazuri, tena ya bure, lakini wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, na simu ya mwalimu ni moja kwa wanafunzi mia mbili.

"Naipitisha dawati kwa dawati, mzee wangu. Kipindi kinaisha haijafika safu ya tatu. Nikasema, kama wao hawawezi kuufikia mtandao, basi mtandao utoke kwenye simu ukae ukutani."

Akamwonyesha jedwali kwenye simu yake. Alipoona vile visanduku vimepangana, Gregori akageuza macho barabarani kama mvulana aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alikuwa tayari kusema ana kazi nyingi. Ila mkono ukagusa mfuko wa shati, karatasi ikalia, akaghairi.

"Litazame, siyo picha tu," Madam Joyceline akasema. Akagusa kisanduku kimoja, kikafunguka kama mlango: jina, uzito, inapatikana wapi, inafanya kazi gani, na picha yake juu. Akagusa kingine. Dhahabu. Kingine. Zebaki. Kisha akamwonyesha kipimo cha joto juu ya ukurasa. Ukikivuta kwa kidole, visanduku vinabadilika rangi, vinavyoyeyuka vikayeyuka. Alipokifikisha nyuzi thelathini, kisanduku kimoja kikageuka.

"Hii ni galiamu. Ni metali, lakini mchana wa hapa kwetu ingeyeyuka yenyewe."

"Kwa jua la Mkata," Gregori akasema polepole, "hii ingekuwa uji."

Akacheka peke yake. Kisha akamweleza mwalimu kanuni yake, kwamba hachori asichokijua. Madam Joyceline akamwambia kwa hiyo kazi hii itamchukua miaka minne na chuo kikuu juu. Lakini hakumcheka. Akatoa mkobani simu yake ya zamani, kioo kimepasuka kwa chini, akasema jedwali amelihifadhi humo, linafunguka hata bila bando. "Kaa nayo wiki hii. Bonyeza kila mahali, hakiharibiki kitu. Mimi Jumanne naingia semina Korogwe, narudi Ijumaa." Bei walipatana pale pale, hilo halina hadithi.

Jumatatu hiyo hiyo jioni Angel alirudi nyumbani uso umekunjamana.

"Baba, nasikia ni wewe utakayechora ule ukuta."

"Ndiyo mimi."

"Basi ukiniona napita, usiniite."

"Nisikuite?"

"Wengi hawajui kama wewe ni baba yangu. Wakijua, watasema baba anachora kemia, na mtoto ndiye wa mwisho kwenye kemia." Akashusha sauti. "Naomba tu, baba."

Gregori akameza mate. "Haya," akasema, na neno lile lilimchoma kuliko alivyoonyesha. Fausta, aliyekuwa anamenya mihogo, aliinua kichwa amtazame mumewe, akakirudisha kwenye mihogo.

Jumanne akaanza. Ukuta wenyewe ni wa jengo la maabara, upande wa baraza, mrefu na mweupe. Akavuta uzi uliopakwa vumbi la chaki, akaupiga ukutani, mistari ikajaa imenyooka. Akachora visanduku kumi na vinane kwa upana na saba kwa kimo, akianza na rangi za makundi kama zilivyo kwenye simu. Wanafunzi wakipita wanamwamkia, anaitikia. Angel alipita mara mbili na wenzake. Gregori akajiinamia kwenye kopo la rangi kama aliyedondosha kitu humo.

Lakini kanuni ni kanuni. Kila kisanduku alichotaka kukichora alikigusa kwanza kwenye simu, na Kiingereza chake cha kidato cha pili kikawa kinamsaidia nusu, nusu kinamtupa. Maswali yakamjaa. Kumuuliza mkuu wa shule aliona haya, mwalimu yuko Korogwe. Nyumbani, basi, alikuwepo mtu mmoja aliyewahi kusoma vitu hivi, japo kwa kumi na nne kwa mia.

"Angel," alimwambia jioni ile, kabla ugali haujaiva, "hawa wa safu ya mwisho kabisa, kulia, wana nini? Simu inasema hawachangamani na mtu. Wamegombana na nani?"

"Sijui, baba."

"Hujui au hutaki?"

"Ni gesi ajizi," Angel akasema kwa uvivu. "Haziungani na elementi nyingine."

"Hilo nimelisoma. Kwa nini?"

Angel akainuka. Akaenda ndani, akarudi na daftari, akalifunua kurasa nyingi nyuma. "Kwa sababu gamba lao la nje limejaa elektroni. Wameshiba."

"Aa," Gregori akasema, na uso ukamfunguka. "Aliyeshiba haombi kwa jirani. Laiti wangeniambia hivyo zamani, nisingetoka."

"Usingetoka wapi?"

"Endelea. Na hawa wa safu ya kwanza, kushoto?"

Hapo ndipo Angel alipojikuta amechuchumaa chini. Akachota majivu jikoni, akayatandaza sakafuni, akachora duara ndani ya duara kwa kidole. Akachukua maharage ambayo mama yake alishayachagua, akayapanga: mawili duara la ndani, manane la pili, moja peke yake kwa nje. "Huyu ni sodiamu. Hili moja linamsumbua. Anatafuta wa kumpa." Akachora pembeni duara lingine. "Huyu ni klorini. Ana saba nje, anahitaji moja atimize nane." Akalisukuma lile haragwe moja kwa kidole kutoka huku kwenda kule. "Wakikutana, chumvi."

"Chumvi hii ya kulia?"

"Hiyo hiyo."

Gregori akaenda kwenye kopo la chumvi, akaonja. Akasimama pale, chumvi ulimini, anaitazama kama hajawahi kuionja maishani. "Fausta," akasema, "umesikia? Huyu alikuwa na ziada na yule alikuwa na upungufu."

"Nimesikia," Fausta akasema. "Na mimi nina upungufu wa maharage. Rudisheni."

Jumatano Gregori alirudi na maswali tisa ameyaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Alhamisi akarudi nayo kumi na nne. Mbona chuma kinaitwa kwa herufi zisizofanana na jina lake? Mbona haidrojeni iko peke yake pale juu kama mtoto aliyeadhibiwa? Risasi ya kwenye betri ya lori na risasi ya bunduki ni ndugu? Mengine Angel aliyajibu, mengine aliyatafuta kitabuni, mengine hata kitabu hakikuwa nayo, wakagombania ile simu yenye kioo kilichopasuka. Alhamisi Angel alimnyang'anya baba yake kabisa, akakaa nayo kizingitini mpaka akaitwa kula mara tatu. Alikuwa anakivuta kile kipimo cha joto, juu na chini, akisema kwa sauti ndogo, hii bado, hii bado, hii imeyeyuka. Hakuna aliyemwambia asome. Gregori alimwona, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akaogopa hata kukohoa asije akamshtua. Ile fomu ilikuwa bado mfukoni. Alijua kesho ni Ijumaa, na hakuthubutu kuuliza.

Ijumaa saa nane mchana akamaliza. Akashuka kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua kumi, akaangalia. Lilikuwa zuri, tuseme ukweli. Kila kundi na rangi yake, herufi zimesimama kama askari. Chini kabisa, karibu na msingi, alikuwa ameacha mkanda mweupe mpana kutoka mwanzo wa jedwali mpaka mwisho, na kwenye kona yake ameandika kwa manjano, kwa mwandiko wake bora kuliko wote: GREGORI ARTS, MKATA, na namba ya simu.

Kengele ya kutoka ikagonga, shule nzima ikamwagikia barazani. Mkuu wa shule akaja, mikono nyuma, akazunguka, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Mzee, umetuheshimisha." Wanafunzi wakapiga makofi. Gregori akatabasamu huku macho yakimtafuta mtu mmoja, kisha akakumbuka ahadi yake, akayarudisha ukutani.

Angel alikuwa amesimama nyuma kabisa, kando ya Naisiae, rafiki yake kutoka maboma ya wafugaji kule Kwamsisi. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Akafika mahali, akasita, akarudi nyuma, akahesabu tena. Uso ukambadilika. Makofi yalikuwa yanaendelea. Kama angenyamaza, kila mtu angeenda nyumbani ameridhika, na Jumatatu mwalimu angeligundua mwenyewe. Kama angesema, basi, wote wangejua huyu ni baba yake.

"Baba!"

Makofi yakafifia. Vichwa vikageuka kumtafuta baba ni nani.

"Baba," Angel akasema tena, sasa anapenya katikati ya wenzake akija mbele, "kuna watu thelathini umewaacha nje."

"Wapi?" Gregori akauliza, moyo unamdunda, na hakujua unadunda kwa lipi, kwa kosa au kwa lile neno la kwanza.

"Hapa. Hamsini na sita, halafu sabini na mbili. Na hapa chini, themanini na nane, halafu mia na nne. Hapo katikati wako wapi?"

"Si hawa hapa?" Gregori akaonyesha kisanduku alichoandika 57–71. "Nilifikiri ni chumba cha wengi. Kwetu Mazinde kambini, mlango mmoja unakuta familia nzima."

"Wana safu zao, baba. Mbili. Zinakaa chini kabisa, zimejitenga kidogo. Hukuziona kwenye simu?"

Gregori akashika kichwa. "Niliziona!" akasema. "Nikadhani ni tangazo."

Kisha akaeleza, maana hakuwa na pa kujificha. Miaka thelathini na kitu amechora mabango, na bango lolote la Mkata, liwe la duka, la kliniki au la kanisa, chini kabisa pameachwa mkanda wa mfadhili: kampuni ya soda, kampuni ya rangi, kampuni ya simu. Na huko mtandaoni vile vile, kila ukurasa aliowahi kuufungua kwenye simu ya Fausta, chini yake pana mtu anauza kitu. Kwa hiyo alipoona zile safu mbili zimetengwa kwa chini, tena kioo kimepasuka pale pale, akaamua hao ni wafadhili, akawaachia nafasi yao mpaka mkuu wa shule atakapowataja.

Shule ilicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mkuu wa shule aligeukia ukuta mwingine mabega yakimtikisika. Na Gregori, aliyewahi kuchekwa hivyo hivyo mbele ya darasa, alisubiri ile aibu ya zamani imshike shingo. Haikuja. Angel alikuwa amesimama ubavuni kwake, anacheka naye, amemshika mkono wa shati.

"Hata uraniamu, baba," akasema akifuta machozi. "Ile wanayosema iko huko kusini mwa nchi. Umeifanya soda."

Basi Gregori akafungua kopo la rangi nyeupe, akafuta GREGORI ARTS, MKATA, pamoja na namba ya simu. Mwanafunzi mmoja akaona uchungu, akasema, "Mzee, jina lako!" Gregori akamjibu kwamba jina lake linajulikana, hao thelathini ndio hawajulikani. Akapiga uzi wa chaki, akapata safu mbili, akapiga magoti kwenye saruji. Angel akakaa karibu naye na ile simu, akaanza kumsomea. Lanthanamu. Seriamu. Walipofika kati, akawa anataja kwanza halafu ndipo anaangalia simu kama amepatia. Mara nyingi alipatia. Naisiae na wengine wakasogea, wakakaa barazani, wakawa wanaitikia kila jina.

Kisanduku cha mwisho kilipokauka kidogo, Angel akanyoosha mkono.

"Baba, ile karatasi."

Gregori akaitoa mfukoni. Ilikuwa imechakaa kwa jasho, ina alama ya kidole cha bluu pembeni. Angel akaiweka ukutani, mahali pasipo na rangi mbichi, akafuta ile alama ya vema kwa mistari miwili, akaweka nyingine kwenye Sayansi. Akampa baba yake kalamu. Gregori akasaini, na yeye aliyechora maelfu ya herufi bila kutetemeka, sahihi ile ilimwendea kombo.

Ndipo Madam Joyceline akashuka kwenye bodaboda, begi la semina begani. Akasimama kwanza kuutazama ukuta, mkono mdomoni. Kisha akaja kukusanya fomu, maana ndiyo siku yenyewe, akaipokea ya Angel, akaiona ile alama iliyofutwa na ile mpya. Akamtazama mtoto, akawatazama wale waliokaa barazani bado wanatajiana majina ya safu za chini.

"Angel, Jumatatu ulikuwa huwezi kunitajia tano. Leo unawafundisha wenzako. Nani amekufundisha?"

Angel hakufikiri hata kidogo.

"Baba yangu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Baba ndiye amenifundisha."

Gregori alitaka kukanusha. Alitaka kusema ni kinyume chake, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiuliza, kwamba alitolewa nje ya darasa la kemia kwenye elementi ya nane na hajawahi kurudi mpaka wiki hii.  Akabaki amepiga magoti pale pale kwenye saruji, brashi mkononi, machozi yanamtoka mbele ya shule nzima. Alichoweza kusema kilikuwa, "Asante, mwanangu. Asanteni jamani. Asanteni sana," na akaendelea kusema hivyo mpaka Madam Joyceline alipoinama, akamshika mkono na kumwinua.